Redio ya Babu Haikufa, Ilizimika

Ndugu msikilizaji, na wewe ndugu msomaji unayeyafuata mazungumzo haya gazetini, juma hili nakuletea habari ya redio moja ya mbao iliyokaa kimya kwa takriban miaka arobaini. Sababu ya ukimya huo ilikuwa herufi moja tu ya alfabeti. Palipotakiwa U, mtu aliweka E. Ukinivumilia hadi mwisho utaona kwamba si utani.

Redio yenyewe ni ya marehemu babu yangu. Babu alikuwa karani katika shamba moja la mkonge mkoani Tanga. Mwaka 1961 meneja wake alipofunga mizigo kurudi kwao Ulaya, alimuuzia babu redio hiyo kwa bei ya kuagana. Ni sanduku la mbao lenye vanishi, kitambaa cha rangi ya dhahabu mbele ya spika, na kioo kilichoandikwa majina ya miji ya mbali. Bibi anasema usiku wa kuamkia tarehe 9 Desemba mwaka huo ua wa nyumba yao pale Ngamiani ulijaa watu, wengine wamekaa juu ya ukuta. Walikuja kusikiliza bendera ya Tanganyika ikipandishwa. "Bendera haisikiki," bibi husema kila akisimulia, "lakini sisi tuliisikia."

Mwaka 1987 redio ikanyamaza. Nilikuwa mtoto mdogo, lakini namkumbuka fundi aliyekuja na kikapu cha vifaa, akakaa nayo barazani kutwa nzima, na jioni akaifunga na kumwambia babu, "Mzee, hii imekufa." Babu hakujibu. Aliifunika kwa kitambaa cha kufuma, akaiweka juu ya kabati, akakataza isitupwe. Alifariki bila kuisikia tena.

Mwaka jana bibi, ambaye sasa umri wake ni miaka themanini na ushei, aliniita.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, baba. Wewe si mtu wa redio?"

"Ndiyo, bibi."

"Basi hii ya mwenzangu mbona huitazami? Itengeneze niisikie kabla sijaenda."

Nikaibeba hadi Dar es Salaam kwa fundi kijana, hodari wa simu na televisheni. Aliifungua, akacheka. Akaniambia atatoa takataka zote za ndani, aweke spika mpya na kidude cha kusomea kadi, na sanduku libaki vilevile kwa urembo. Nakiri mbele yako, ndugu msikilizaji, kwamba nilikaribia kukubali. Mimi mwenye stashahada ya uandishi wa habari, niliyekula mkate wa redio zaidi ya miaka ishirini, sikujua ndani ya redio ya namna ile mnatokea nini. Nilimpigia bibi simu kumweleza kwamba redio imekufa. Akanijibu kwa utulivu: "Haikufa, ilizimika. Moto ukizimika huwashwa. Kilichokufa ndicho huzikwa."

Wakati ule nilidhani ni maneno ya mapenzi tu. Kumbe bibi alikuwa amesema jambo la kiufundi, na alikuwa sahihi kuliko mafundi wawili.

Hatimaye nikaelekezwa kwa mzee mmoja aliyestaafu, aliyejifunza kazi kabla transista hazijaenea mitaani kwetu. Nilitazamia achukue bisibisi mara moja. Hakuchukua. Aliuliza redio ilitengenezwa wapi, miaka gani, kwa umeme wa namna gani, na nani aliifungua mara ya mwisho. "Kijana wangu," akasema, "redio ya valvu huwezi kuitibu kama hujui historia ya valvu." Basi nami nikaenda kuisoma historia hiyo. Hiyo ndiyo ninayotaka kukusimulia leo, maana ndiyo iliyoiponya redio ya babu.

Valvu ni chupa ndogo ya kioo iliyotolewa hewa, mfano wa balbu ya taa. Na kweli ilizaliwa kwenye taa. Mwaka 1883 Thomas Edison, Mmarekani, alipokuwa akihangaika na balbu zake, aliandikisha hataza ya jambo la ajabu aliloliona: ukiweka kipande cha madini ndani ya balbu, mbali kidogo na uzi unaowaka, umeme unaweza kuvuka katika uwazi ule pasipo waya. Edison hakujua la kuufanyia. Mwaka 1904 John Ambrose Fleming, Mwingereza aliyekuwa mshauri wa kampuni ya Marconi, alitambua kwamba umeme ule huvuka kwa kwenda upande mmoja tu, haurudi. Akakiita chombo hicho valvu, kama ile valvu ya bomba inayoruhusu maji kwenda na kuyazuia kurudi. Miaka miwili baadaye Lee de Forest wa Marekani alianza kuongeza sehemu ya tatu katikati, na kutoka hapo ukapatikana ule wavu wa waya unaoweza kuuongoza mkondo mkubwa kwa ishara ndogo sana. Hapo ndipo mnong'ono uliotoka hewani ulipoweza kukuzwa ukajaza chumba.

Lakini yote hayo yanategemea joto. Owen Richardson, mwanasayansi wa Uingereza aliyepewa Tuzo ya Nobel ya fizikia ya mwaka 1928, ndiye aliyeonyesha kwa hesabu jinsi elektroni zinavyoruka kutoka kwenye madini yaliyopashwa moto. Fikiria sufuria ya maji jikoni. Ikiwa baridi, maji yametulia. Ikipata moto, mvuke unapanda. Valvu isiyopata moto haina mvuke, na redio isiyo na mvuke huo haina sauti, hata kama kila kitu kingine ndani yake ni kizima.

Katika valvu za mwanzo, uzi mmoja ulikuwa moto na sufuria kwa wakati mmoja. Uzi wenyewe ndio uliowaka na uzi wenyewe ndio uliotoa elektroni. Uzi wa namna hiyo ulitaka umeme mtulivu wa betri, kwani ukiupa umeme wa ukutani unaokwenda na kurudi, redio inanguruma. Kwa hiyo mwenye redio alikuwa mtumwa wa betri. Mwaka 1925 Edward Rogers wa Toronto, nchini Kanada, alianza kuuza redio isiyohitaji betri, na katika miaka ileile njia mpya ikaenea: kutenganisha jiko na sufuria. Uzi wa moto ukafichwa ndani ya kibomba chembamba cha madini. Uzi ukaitwa hita. Kibomba, ambacho nje kimepakwa dawa ya bariamu na strontiamu inayotoa elektroni kwa wingi, ndicho kathodi. Hita ikawa na kazi moja tu duniani, yaani kupasha.

Sasa hebu tuzitazame namba, maana kila namba ina kisa chake. Valvu nyingi za redio na vikuza sauti hutaka hita ipate volti 6.3. Kwa nini 6.3 na si 6 au 7? Kwa sababu miaka ya 1930 Wamarekani walianza kuweka redio katika magari. Betri ya gari wakati ule ilikuwa na vyumba vitatu, na kila chumba kikijaa hutoa karibu volti 2.1. Mara tatu, unapata 6.3. Magari yakahamia volti 12, lakini valvu zikabaki na namba ya gari la zamani. Hadi leo vikuza sauti vipya vya wapiga gitaa vinatengenezwa kwa namba hiyohiyo.

Valvu za redio za betri kavu zilitaka volti 1.4 tu, kwa sababu jiwe moja la betri hutoa volti 1.5 likiwa jipya na hushuka kadiri linavyotumika. Redio za betri zina nafasi yake katika historia yetu Waafrika. Mwaka 1949 Harry Franklin, aliyesimamia habari za serikali huko Rhodesia ya Kaskazini, ambayo leo ni Zambia, aliifikia kampuni ya Ever Ready ya Uingereza ikakubali kutengeneza redio ya bei nafuu kwa ajili ya Waafrika. Ilikuwa na valvu 4, ikauzwa kwa pauni 5, na boma lake lilikuwa sufuria ya alumini isiyo na mkono. Watu wakaiita redio ya sufuria. Miaka miwili baadaye, 1951, Sauti ya Dar es Salaam ikaanza kusikika kwetu.

Redio ya babu haikuwa ya betri wala ya gari. Ilitoka katika ukoo wa tatu, na ukoo huo una hila zake.

Miji mingi ya Ulaya na Marekani ilianza na umeme wa mkondo mnyoofu, ule usiogeuka. Sehemu za London ziliendelea nao hata baada ya Vita Kuu ya Pili, na katika jiji la New York mabaki yake yalikatwa mwaka 2007 tu. Transfoma haifanyi kazi kwa umeme huo. Tena transfoma ni nzito na ghali. Watengenezaji wakaona bora waiondoe kabisa. Badala ya kila hita kupewa volti zake 6.3, hita zote zikaungwa moja nyuma ya nyingine, kama watu waliojipanga mstari kutoka kisimani wakipokezana ndoo, na mstari mzima ukachomekwa moja kwa moja kwenye umeme wa nyumba. Wamarekani walitengeneza mamilioni ya redio za valvu tano za namna hii. Jumlisha volti za hita za seti moja iliyozoeleka: 12.6 mara tatu, kisha 50, kisha 35. Unapata 122.8, ambayo ni kama umeme wa nyumbani kwao. Hesabu imekwisha, transfoma haitakiwi. Huko Ulaya, penye volti 220 na zaidi, walitumia valvu za miliampea 100, na volti zilizobaki zikamezwa na rezista kubwa inayochemka ndani ya sanduku.

Unafuu huo ulikuja na madhara mawili. La kwanza: mtu mmoja katika mstari akiangusha ndoo, wote wanakosa maji. Hita moja ikikatika, valvu zote zinazimika, na fundi asiyejua anaona redio nzima imekufa. La pili ni baya zaidi. Kwa kuwa hakuna transfoma ya kutenga, chasisi ya redio imeungwa na waya mmoja wa umeme wa ukutani. Plagi ikigeuzwa, chasisi yote ina umeme kamili wa kuua. Mbao za boma na vifundo vya plastiki ndivyo vinavyokulinda. Nakuomba sana, msikilizaji, ukiwa na redio ya namna hii usiifungue ikiwa imechomekwa, wala usimwachie mwanafunzi wa ufundi peke yake. Fundi anayeijua huichomeka kupitia transfoma ya kutenga, na hata baada ya kuzima husubiri na kuhakikisha kapasita zimetoa umeme wote.

Na hapa ndipo zinapoingia herufi. Mwaka 1934 kampuni za Philips na Telefunken zilikubaliana utaratibu wa majina ya valvu, na herufi ya kwanza ya jina ikawa ni habari ya hita. D ni ya betri kavu. E ni volti 6.3. U ni miliampea 100, kwa ajili ya kuungwa mstari mmoja. P ni miliampea 300, ambayo ilitumika sana katika televisheni. Herufi zinazofuata zinataja kazi ya valvu. Kwa hiyo EL84 na UL84 ni ndugu: zote ni valvu za kusukuma spika, zina umbo lile lile na miguu 9 ile ile, moja inaingia katika soketi ya mwenzake bila ubishi. Lakini hita ya EL84 hutaka volti 6.3 na miliampea 760. Hita ya UL84 hutaka volti 45 na miliampea 100. Ndugu wa baba mmoja, lakini mmoja hushiba kwa sahani na mwingine kwa sinia.

Turudi kwa mzee wetu. Aliitoa plagi ukutani, akasubiri, akasoma karatasi iliyobandikwa ndani ya boma. Iliorodhesha valvu tano: UCH81, UF89, UBC81, UL84 na UY85. Akaniandikia volti za hita zake juu ya bahasha: 19, 12.6, 14, 45 na 38. Jumla 128.6. "Zilizobaki hadi 230 zinakwenda kwenye rezista ile," akasema, akiionyesha kwa bisibisi.

Kisha akazichomoa valvu mojamoja, na kwa mita yake akapima omu kati ya mguu wa 4 na wa 5, ambayo ndiyo miguu ya hita katika valvu zote tano zile. Valvu nzima ikiwa baridi husoma kidogo kuliko inavyokuwa ikiwaka, kwa sababu madini yakipata moto ukinzani wake hupanda mara kadhaa. Alisoma makumi ya omu, akaniwekea pembeni. Ya pili, UF89, mita haikusogea kabisa. "Uzi umekatika. Huyu ndiye aliyeangusha ndoo." Mimi nikafurahi, nikadhani kazi imekwisha. Yeye hakufurahi. "Uzi hukatika wenyewe, sawa," akasema. "Lakini kwanza tuone kama haukukatwa."

Aliendelea. Valvu ya sauti ilisoma kama omu moja tu, wakati jirani zake zilisoma makumi. Akaisogeza karibu na taa, akaifuta kioo kwa kidole kilicholowa. Maandishi yakaonekana kwa shida: EL84.

Mzee alikaa kimya, kisha akaeleza. Huenda valvu ya sauti ya asili ilichoka. Fundi wa 1987 hakuwa na UL84. Alikuwa na EL84, ikaingia, akaona bahati. Lakini kwa miliampea 100 hita ya EL84 haipati moto wa kutosha hata kidogo, kwa hiyo spika ikabaki bubu. Wakati huohuo zile volti 45 ambazo UL84 ingezibeba zikakosa mbebaji, zikamwagikia wenzake. Hita nyingine zikawaka kupita kiasi kwa saa zote ambazo fundi alikuwa akihangaika kutafuta sauti, mpaka iliyo dhaifu ikakatika. Giza. "Imekufa."

Simlaumu sana fundi yule, wala sitamtaja. Miaka ile vipuri vilikuwa adimu, naye alitumia alichokuwa nacho. Kosa lake ni kwamba aliiona miguu ikiingia, hakuisoma herufi. Na fundi wa pili, yule kijana wa mjini, kosa lake lilikuwa hilohilo kwa sura nyingine: aliona kitu asichokijua akakiita takataka. Mimi wa tatu nilikuwa karibu kumlipa.

Baada ya hapo kazi haikuwa ngumu, ilikuwa ya subira. UF89 na UL84 ziliagizwa kutoka Ulaya kwa wauzaji wa vipuri vya zamani. Bei yake ilikuwa chini ya ile niliyotakiwa kulipa ili kuichinja redio. Walipokuwa njiani, mzee alibadilisha kapasita zote za karatasi zilizozeeka, akapima rezista ile kubwa, akasugua miguu ya valvu na soketi zake, kwani hewa ya chumvi ya Tanga ilikuwa imezila. Valvu nyingi, alisema, hutupwa zikiwa nzima kwa sababu ya kutu ya soketi tu. Siku ya kuiwasha, aliunganisha balbu ya kawaida ya wati 100 katika njia ya umeme, ili kama pana hitilafu balbu ndiyo iwake na redio isiungue.

Kama nawe una redio au kikuza sauti cha zamani nyumbani, shika haya machache. Kwanza, jua ukoo wake: soma herufi za kwanza za valvu. Zikiwa E, mara nyingi hita zimepangwa sambamba, kila moja na njia yake, na ukiona moja giza huku nyingine zinang'aa, tatizo liko kwa hiyo moja au soketi yake. Zikiwa U na zote giza, mmoja tu ndiye mkosaji, mtafute kwa mita umeme ukiwa umetolewa. Zikiwa D usitazamie kuona mwanga, kwani uzi wake hupata moto mdogo sana. Wengi wamezitupa wakidhani zimekufa.

Pili, valvu yenye miguu 9 kama ECC83 ina hita mbili zilizounganishwa, na mguu wa 9 ni katikati yake. Nusu moja inaweza kukatika nyingine ikabaki nzima. Tatu, kile kioo cha fedha ndani ya chupa kikigeuka cheupe kama maziwa, hewa imeingia, usihangaike nayo. Nne, redio ikisikika lakini ina mvumo wa umeme, pengine hita haikukatika bali imegusana na kathodi. Moto umevuja ukaingia kwenye sufuria. Tano, zipo redio za zamani ambazo waya wake wa umeme una ukinzani ndani yake na hupata joto kama kawaida. Usiufupishe na usiubadilishe kwa waya wa dukani, utaziunguza hita zote kwa mara moja. Na kwa lolote lenye umeme ndani, mtafute mwenye ujuzi. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, lakini si lazima apigwe na umeme.

Mwezi uliopita niliirudisha redio Tanga. Niliiweka juu ya kabati lile lile, nikaichomeka. Bibi alikaa kwenye mkeka. Kwa kama nusu dakika hapakuwa na kitu, ndivyo zilivyo redio hizi, lazima moto ukolee kwanza. Kioo cha majina ya miji kikawaka rangi ya manjano. Kisha ukaja mvumo mdogo, kisha mikwaruzo ya hewani.

Redio ile haina masafa ya FM. Hupokea masafa ya kati na masafa mafupi, na stesheni nyingi ambazo babu alizisikiliza zimeyahama masafa hayo au zimefungwa. Niliizungusha sindano kwa muda mrefu, jasho likinitoka, nikihofia kwamba nimemletea mama mtu mzima kelele tupu. Mwishowe tukapata sauti ya mwanamume akisoma jambo kwa lugha ambayo sote wawili hatukuijua, ikipanda na kushuka kama wimbi.

Nikamwambia, "Bibi, samahani, si Kiswahili."

Hakunijibu. Alinyanyuka, akaweka kiganja juu ya mbao za boma, pale pale ambapo, alinieleza baadaye, babu alikuwa akiweka chake kila jioni kabla ya taarifa ya habari.

"Imepata moto," akasema.

Ndugu msikilizaji, nchi yetu ina vitu vingi vilivyofunikwa kitambaa juu ya makabati: redio, mashine, kanda, nyaraka, na hata watu wenye ujuzi waliostaafu ambao hatuwaulizi neno. Kabla hatujasema vimekufa, tuulize kwanza vilitoka wapi na viliundwa kwa kazi gani. Pengine ni uzi mmoja tu uliokatika.

Kwa leo naishia hapo. Tukijaliwa, tukutane tena juma lijalo.